Njoo kesho: Ijumaa moja ya fundi cherehani kuelekea Krismasi

Saa 10:15 alfajiri

Mke wangu ananigusa bega. "Saa kumi imeshapita." Desemba simu yangu huwa naizima usiku, kwa sababu wateja hupiga hata saa tano, ingawa wakikukosa fundi kwa simu wanaamua umekimbia na kitambaa chao. Kwa hiyo alamu yangu ni mke.

Leo ni Ijumaa, tarehe 20 Desemba 2024. Krismasi ni Jumatano. Jumapili alfajiri sisi wanne tunapanda basi hapahapa Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam, kwenda Ndanda kule Mtwara, kwa mama yangu. Tiketi nilikata tangu Novemba. Nguo za kusafiria zimekunjwa, sanduku liko juu ya kabati, kimebaki kitu kimoja tu: magauni ya sikukuu ya binti zangu wawili. Kitambaa nilikinunua tarehe 2, yadi nne za kitenge cha njano, nikakiweka kwenye mfuko chini ya meza. Kila asubuhi nikitafuta viatu namuona yule mfuko akinitazama.

Leo mfuko sikuuona. Nikadhani mama watoto ameusogeza ili nisikwazike nao, nikamshukuru kimoyomoyo.

Saa 11:00

Rangi Tatu pamejaa kana kwamba ni saa mbili. Katikati ya Barabara ya Kilwa njia za mwendokasi ziko tayari, vituo vimesimama vizuri na vioo vyake, mabasi ndiyo bado. Kwa hiyo sisi na daladala zetu. Gari la Kariakoo likiingia, vijana wanapita dirishani kabla halijasimama, mabegi yanatangulia, wenye mabegi wanafuata.

Mimi nina umri wa kugeuza. Napanda gari linalorudi, nalikuta kituo cha nyuma, nalipa nauli mara mbili, lakini nakaa. Mtu anayeshinda ameinama juu ya cherehani kwa muda wa saa kumi na mbili hawezi kuanza siku kwa kuning'inia. Konda anajua. "Fundi, leo tena na dumu la mafuta?" Si mafuta ya kula, ni ya cherehani. Nimenunua lita moja, mashine zangu zimeanza kulia.

Mtoni Mtongani, kwa Aziz Ally, Uwanja wa Taifa, Bendera Tatu. Kuanzia Aziz Ally nalala. Jirani yangu amepakata jogoo mzima kwenye kikapu, anampeleka kwa mtu mjini. Kuku wa kijijini huja mjini na watu wa mjini wanakwenda kijijini kula kuku. Desemba haina hesabu.

Saa 12:40 asubuhi

Kibaraza changu kiko mbele ya duka la vitambaa, Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Sikukuu. Jina ni hilo kweli, sikulitunga. Nina cherehani mbili za mota, oveloki moja, na Butterfly ya kukanyaga kwa miguu ambayo nilianza nayo kazi na ambayo kijana wangu hunicheka kwa sababu siiuzi. Juu ya cherehani yangu nimefunga kamba yenye vipande vya karatasi: jina, kipimo, tarehe. Leo karatasi ni 31.

Tangu lile jengo liporomoke huku Kariakoo tarehe 16 Novemba, kuna watu wakifika wanatazama juu kwanza. Hata mimi. Mwenye duka, alhaji mmoja mpole, ameacha kabisa kuweka mabunda kwenye dari.

Mama wa chai ananiletea kikombe na chapati mbili. Namlipa, na ninamwomba asimame kidogo, mtaelewa baadaye kwa nini mwili wake una kazi kwenye hadithi hii.

Saa 2:00

Sasa niseme jambo ambalo mafundi hawalisemi.

Watu hudhani fundi anaposema "njoo kesho" ni mvivu au ni mwongo. Mwongo ndiyo, mvivu hapana. Ukiniletea kitenge tarehe 1 ukaniambia unasafiri tarehe 20, mimi nakuandikia tarehe 18. Si kwamba nitamaliza tarehe 18. Tarehe 18 utakuja, utanikuta sijakata, utagomba, utaondoka, na kelele zako ndizo zitakazokupandisha kwenye foleni. Asiyekuja kugomba huwa hana haraka. Wapo walioniachia suruali mwezi wa pili na bado ziko juu ya rafu, nimezishona zikafubaa, pesa yangu ya kazi imelala humo. Basi nitajuaje nani anaihitaji nguo yake leo? Kwa sauti yake.

Wateja wa zamani wameshanisoma. Na wao wanadanganya. Anayesafiri tarehe 23 ananiambia 20. Kuna mama mmoja wa Kibosho, kila mwaka anapeleka ukoo mzima Moshi na sare ya kitenge, watu kumi na wanne kuanzia babu hadi mchanga. Aliniapia kwamba basi lao ni tarehe 17. Tarehe 17 akaja, akanigombeza mpaka alhaji akatoka dukani kutusuluhisha. Tarehe 18 akaja. Leo tarehe 20 amekuja tena, anatabasamu, amechukua nguo zote kumi na nne, amezihesabu, akanipa na soda. "Fundi, asante, tunaondoka kesho." Hatukuaibishana. Yeye alidanganya siku nne, mimi nikadanganya siku tatu, nguo zikatoka kwa wakati.

Mfumo huu unafanya kazi vizuri mpaka aje mtu anayesema kweli.

Saa 5:10

Umeme umekatika. Mota zinashuka sauti kama mtu anayepiga miayo, halafu kimya. Mtaa mzima unasema "aaah" kwa pamoja. Wenye jenereta wanavuta kamba, moshi unajaa. Mimi jenereta sina. Kijana wangu anaweka mikono kichwani: karatasi 19 bado zinaning'inia.

Navuta Butterfly kutoka ukutani. Naitia mkanda, napaka mafuta yale ya lita moja, nakanyaga. Inaitikia. Kijana hakucheka leo.

Saa 6:45 mchana

Swala ya Ijumaa. Alhaji ameshusha pazia la duka nusu, mtaa umetulia, na nusu saa hii huwa ndiyo pekee ninayosikia sauti ya sindano yangu mwenyewe. Simu inaita. Mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hamjambo? Barabara mmeiuliza?"

Huwa anaulizia barabara kabla ya wajukuu. Mwezi wa Mei, baada ya Kimbunga Hidaya, njia ya Kusini ilikatika kule Somanga, magari yakakwama siku kadhaa, na mama tangu hapo akiona wingu dogo Ndanda anajua Daraja la Mkapa limekwenda na maji. Nikamwambia magari yanapita, tutafika salama. Akasema kuku tusinunue, wapo. Mchele tuje nao. Mabibo yamekwisha ila maembe yanaoza chini. Na pesa ya korosho imeingia benki, ile baki. Mwaka huu bei ya mnada wa kwanza ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, hivyo mama yangu, mwenye mikorosho michache tu nyuma ya nyumba, anazungumza kama mwenye kiwanda.

"Wajukuu zangu umewashonea nini safari hii?"

"Magauni ya njano, mama."

"Yamekwisha?"

Nikamwambia mtandao unasumbua.

Saa 7:20

Binti amesimama mbele ya kibaraza. Mwembamba, ana begi mgongoni na mfuko wa sukari mkononi. Amesimama muda gani sijui, kwa sababu hakusema kitu.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mama."

"Nimefuata gauni la mama yangu."

Nikamkumbuka. Anafanya kazi za ndani Upanga. Alikuja tarehe 5 na kitenge cha kijani chenye mikia ya tausi, yadi sita. Vipimo vya mama yake hakuwa navyo. Miaka mitatu hajamwona. Nikamuuliza mama ana mwili gani, akageuka, akatafuta tafuta mtaani, akanyoosha kidole kwa mama wa chai: "Kama huyu, ila mfupi kidogo." Tukampima mama wa chai, akafurahi kama anashonewa yeye. Halafu nikamuuliza safari lini. Akasema, "Tarehe 20, saa mbili usiku, basi la Singida." Nikaandika tarehe 18. Tarehe 18 hakuja. Nikasema moyoni, huyu hana haraka.

"Mbona hukuja juzi?" nikamuuliza, sauti imepanda, kana kwamba kosa ni lake.

"Sikupewa ruhusa. Na wewe nilikuambia nasafiri leo."

Aliniambia kweli. Basi lake linatoka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Kutoka hapa, Ijumaa ya mwisho kabla ya Krismasi, atoke saa kumi na moja asizidi. Kitenge chake kilikuwa kimekunjwa kama alivyokileta, karatasi yake ya tarehe 18 ikiwa imechomwa pini juu yake.

Nimeshona miaka 16. Ulimi wangu unajua cha kusema kabla yangu. Nilishasema "Njo..." nikamwona anavyoushika ule mfuko wa sukari kwa mikono miwili.

"Kaa hapo," nikamwambia. "Mama wa chai! Njoo nikupime tena."

Saa 7:35 hadi 10:50

Sehemu hii ndiyo ninayotaka kuisimulia polepole, ingawa ilikwenda mbio.

Umeme hakuna, kwa hiyo oveloki hakuna. Gauni lisilopigwa oveloki huchanika nyuzi pembeni, na mama huyu atalivaa kanisani, atalivaa shambani, atalivaa misibani, miaka kumi labda. Nikaamua kila mshono niupige mara mbili, mara ya kwanza kwa nje, nikate uzi, nigeuze, nipige tena kwa ndani ili ncha zote zifungiwe humo. Ni kazi ya zamani. Aliyenifundisha ni fundi mmoja wa Ndanda, pale ambapo wamisionari Wabenediktini walikuja mwaka 1906 na watu wetu wakajifunza useremala na ushonaji. Alikuwa akisema oveloki ni uvivu uliotiwa umeme. Nikiwa kijana nilimwona amechoka tu.

Tausi lazima wasimame. Ukikata ovyo, kifuani ndege wanatazama chini na mgongoni wanatazama juu. Nikapoteza dakika ishirini kwenye kupanga, binti akitazama saa ya simu yake na hasemi. Shingo ya duara, mikono mifupi yenye kupanuka kidogo, zipu nyuma. Kiunoni nikaacha nafasi ya inchi mbili ndani, kwa sababu miaka mitatu ni mingi, na mama anaweza kuwa amenenepa, na anaweza kuwa amekonda. Hilo sikumwambia.

Wateja wengine walikuja. Kijana wangu aliwaambia njoo kesho kwa niaba yangu, kwa ustadi ambao umenipa wasiwasi kidogo kuhusu malezi yangu.

Magoti yalianza kuuma kwenye upindo wa chini. Mama wa chai akaleta pasi ya mkaa kutoka kwa mwenzake, akapuliza makaa mwenyewe. Alhaji alitoka dukani, akatazama, akarudi na kilemba cha yadi moja kinachofanana rangi. Hakukiandika kwenye daftari.

Saa 10:50 nikamkabidhi. Alilipa salio lake, shilingi 12,000, noti zimekunjwa ndogo sana. Nilitaka kumrudishia elfu tano, akakataa. "Umeshona, fundi." Akaliweka gauni juu kabisa ndani ya begi, lisikunjike, akaishika njia ya kituo cha mwendokasi.

Saa 11:04 umeme ukarudi.

Jioni

Hapa hakuna cha kusimulia. Mota, oveloki, mota. Zipu mbili ziliharibika. Bwana mmoja alikuja kubadilisha mawazo kuhusu kola, nikamwacha na mawazo yake. Karatasi 31 zimebaki tisa, tatu kati yake ni za watu ambao hata leo hawakuja kugomba. Safari hii nikazisoma tena moja moja, nikajaribu kukumbuka sura.

Saa 4:50 usiku

Kurudi sikugeuza. Nilisimama mpaka Rangi Tatu, mkono juu, nyuzi za kijani zimenasa kwenye shati. Kwenye daladala mtu ana kreti ya soda, mwingine ana mti wa plastiki ndani ya boksi refu unaomgusa kila anayepita.

Nyumbani watoto wamelala. Mke wangu amenifunikia ugali na kisamvu. Nikanawa, nikala, halafu nikasogeza Singer ya nyumbani karibu na taa, nikainama chini ya meza.

"Mfuko wa kitenge cha watoto uko wapi? Nataka nikate usiku huu huu."

"Nimempelekea yule fundi wa pale Zakhem. Tangu jana."

Nilikaa kimya. Kisha nikauliza yamekwisha au vipi.

"Nilipita leo. Amesema niende kesho."

"Ulimwambia tunasafiri lini?"

"Jumapili," akasema mke wangu. "Si ndiyo kweli?"