Siku Mama Mkwe Alipoutibu Mmea Wangu

"Mama, mbona majani ya juu yana malaika na haya ya chini yana upara?"

Binti yangu alikuwa amepiga magoti barazani, kidole kiko kwenye chungu. Nikamwambia kamuulize bibi yako. Kisha nikacheka peke yangu, maana bibi mwenyewe mpaka leo hajui.

Ilikuwa masika ya mwaka juzi. Mama mkwe alikuja Dar kutolewa mtoto wa jicho, akafikia kwetu. Bandeji ilipobanduliwa, akaanza kuona kila kitu: utando wa buibui pembeni mwa dari, vumbi juu ya friji, na mmea wangu.

Ni ule mdogo wa Madagaska, Kalanchoe tomentosa kwa jina la kitaalamu. Niliununua kwenye kitalu cha kando ya barabara, Mikocheni. Majani manene yaliyojaa vinyweleo vyeupe, kingoni yana madoa ya kahawia. Vinyweleo hivyo havipo kwa urembo tu: vinarudisha mwanga wa jua na kuzuia maji ya ndani yasipotee. Kwao unaota kwenye miamba, kwa hiyo hapa Dar kinachouua si ukame, ni huruma. Mimi naupanda kwenye mchanga mwingi na mboji kidogo, simwagii mpaka udongo ukauke kabisa, na mvua zikianza nausogeza ndani ya baraza.

Jumamosi hiyo natoka jikoni, namkuta mama amekaa mkekani, chungu kiko katikati ya miguu, pembeni bakuli la maji ya uvuguvugu. Mkononi ana kipande cha khanga kuukuu. Anapangusa jani mojamoja, mbele na nyuma, amelishika kwa vidole viwili kama sikio la mtoto anayeogeshwa. Kitambaa kikipita, weupe unaondoka, jani linabaki kijani kibichi, linang'aa. Akimaliza moja analigeuzia kwenye mwanga, analikagua kwa lile jicho jipya, ndipo anahamia lingine. Hana haraka hata kidogo.

"Ukungu huu ungeumaliza wote, mwanangu. Ulikuwa huuoni?"

Mama wa watu ametoka gizani juzi tu. Ningemwambia nini?

"Ahsante, mama. Hayo ya juu niachie, nitamalizia mwenyewe."

Akanikabidhi kitambaa kwa moyo mweupe. Jani moja lilikuwa limebanduka shinani; akalifunga kwenye pindo la khanga yake, na siku ya kuondoka likaenda naye Tanga.

Vinyweleo vya majani yale havijaota tena. Mmea umerefuka, upara umebaki chini. Lile la Tanga alilitupia juu ya mchanga kwenye sufuria lililotoboka, akalisahau, likatoa mizizi na vichipukizi. Hupiga simu kunisikitikia: ukungu umelifuata mpaka huko, ila yeye na wajukuu wale hana nafasi ya kupangusa. Kwa picha anazotuma wifi, mmea wake umenenepa kuliko wangu.

Wifi anasema nimwambie ukweli. Mume wangu anasema nisithubutu. Mwezi ujao mama anakuja kutibiwa jicho la pili, na bado sijaamua kama nimweleze au niuhamishie mmea kwa jirani.