Dakika tatu za handaki la Dartford

Bahasha niliikuta chini ya mlango Alhamisi usiku nilipotoka kazini. Ukikaa Uingereza miaka kadhaa unaanza kuzijua bahasha kwa sura tu, na hii niliijua kabla sijavua viatu. Ndani kulikuwa na picha mbili za gari langu, moja ya gari zima na nyingine ya namba tu. Juu yake saa: 06:03. Faini pauni 70. Nikilipa ndani ya siku 14 inakuwa 35. Nikikaa kimya inapanda mpaka 105.

Dakika tatu, ndugu zangu.

Kwa wasiopajua, Dartford ni pale barabara ya M25, ile inayoizunguka London yote, inapokutana na mto Thames upande wa mashariki. Ukienda kaskazini unapita chini ya mto, kwenye mahandaki mawili, moja la 1963 na jingine la 1980. Ukirudi kusini unapita juu, kwenye daraja lililofunguliwa 1991. Hakuna geti wala kibanda cha kulipia, vyote viliacha kutumika 2014. Kamera inasoma namba zako na wewe unatakiwa ukumbuke kulipa kabla ya usiku wa manane wa kesho yake. Hakuna mtu dirishani wa kumwambia "kaka, nisaidie, foleni ilikuwa mbaya."

Kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi kupita ni bure. Maisha yangu yote siku hizi nimeyapanga kuzunguka saa hizo mbili.

Mimi nahudumia wazee majumbani mwao. Naishi Northfleet, jirani na Gravesend, upande wa kusini wa mto, na wazee wangu wengi wako ng'ambo, Grays na Tilbury. Mzee wa kwanza ananisubiri saa moja asubuhi. Lakini mimi naamka saa kumi na nusu, saa kumi na moja na robo niko barabarani, ili nipite handakini kabla ya saa kumi na mbili. Halafu naegesha Grays kwenye mtaa wenye giza, nashusha kiti, naweka kengele ya simu na kulala dakika arobaini nikiwa nimejifunika koti. Kama mko na ndugu huku anayewaambia amechoka, mwaminini.

Jumatatu ile nilipanga nisilipe hata senti. Asubuhi napita kabla ya saa kumi na mbili, na usiku narudi baada ya saa nne, maana nilikuwa na zamu ya jioni pia. Nilikuwa nimebadilisha gari Jumamosi, la zamani lilikufa giaboksi, na namba mpya sikuwa nimeiingiza kwenye akaunti yangu ya malipo. Nikasema nitaingiza Jumanne, leo si napita bure? Nikafika mapema kabisa. Taa nyekundu. Malori ya mafuta hayaruhusiwi kupita handakini peke yake, yanasindikizwa kwa msafara, na yakipita wengine wote mnasimamishwa. Nikakaa pale natazama saa ya gari. Nilipoingia chini ilisoma saa kumi na mbili kasoro dakika mbili. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Saa ya gari lile ilikuwa nyuma dakika tano. Mwenye gari wa kwanza hakuwahi kuirekebisha, na mimi sikuwaza kuilinganisha na simu.

Nimelipa. Pauni 35 za faini na 3.50 za kupita, jumla 38.50. Kima cha chini hapa kilichoanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, na mimi nilikuwa napata juu kidogo tu ya hapo. Maana yake asubuhi moja nzima nimewanyanyua wazee, nimewaogesha, nimewapikia uji na kuwapa dawa, na pesa yote imeingia kwenye zile dakika tatu.

Ila faini ni ya siku moja, itapita. Kinachonikaa moyoni ni kile cha kila siku. Mpaka Agosti 2025 gari dogo lilikuwa linalipa pauni 2.50, na mwenye akaunti 2. Septemba mosi ikapanda kwa mpigo mmoja: 3.50, na mwenye akaunti 2.80. Nikikosa saa za bure, kwenda na kurudi ni 5.60. Siku tano 28. Wiki nne 112, ilhali zamani ilikuwa 80. Hizo ni pauni 32 zaidi kwa mwezi, na mshahara haukupanda hata senti kwa sababu yake. Badilisheni wenyewe kwa pauni ya leo, halafu muulize fundi anayejenga pale Kibada, kwetu Dar es Salaam, ingetosha mifuko mingapi ya saruji.

Niliuliza ofisini. Wakanijibu kwa upole kwamba wanalipa mafuta ya kutoka kwa mzee mmoja hadi mwingine, lakini safari ya kutoka nyumbani kwangu ni juu yangu. Na mto, kwa hesabu zao, uko kwenye safari ya nyumbani kwangu.

Kinachouma zaidi ni historia yake. Watu waliambiwa tangu mwanzo kwamba wanalipia deni la ujenzi, deni likiisha malipo yanaisha. Deni likaisha. Mwaka 2003 malipo yakabadilishwa jina tu, yakaacha kuwa ya kulipia ujenzi yakawa ya kupunguza foleni. Ilikuwa pauni 1, ikawa 1.50 mwaka 2008, ikawa 2 mwaka 2012, ikawa 2.50 mwaka 2014, sasa 3.50. Na foleni? Pale pamejengwa kubeba magari 135,000 kwa siku, na siku nyingi yanapita zaidi ya 150,000. Foleni haijapungua kwa sababu mimi nimelipa. Mimi sipiti pale kwa matembezi. Mzee wa Tilbury hawezi kuogeshwa kwa simu.

Halafu kuna suala la mpaka. Wakazi wa wilaya ya Dartford na wa Thurrock wana punguzo lao, wanalipa kwa mwaka mzima chini ya ninacholipa mimi kwa wiki moja nikikosa saa za bure, na wanapita watakavyo. Sina kinyongo nao, moshi wa M25 wanaovuta ni wao. Lakini Northfleet iko wilaya ya Gravesham. Rafiki yangu mmoja, Mkenya wa Kisumu, anaishi Swanscombe, mji unaofuata tu, na Swanscombe ni wilaya ya Dartford. Tunafanya kazi ile ile, tunapita handaki lile lile, wakati mwingine naziona taa za gari lake mbele yangu. Nilipopanga nyumba hii niliangalia kodi, nikaangalia shule ya watoto, nikaangalia hospitali anakofanya kazi mke wangu. Hakuna aliyeniambia niangalie mpaka wa wilaya.

Mimi nimekulia Kigamboni, ng'ambo ya maji kutoka katikati ya Dar es Salaam. Mnaotoka kule mnajua nasema nini. Tumelelewa na maji kati yetu na mji. Shule, hospitali kubwa, soko, kila kitu kiko ng'ambo, na unakiona kwa macho. Marehemu baba alikuwa akivuka na pantoni alfajiri kwenda Feri, na mimi nikiwa mdogo nilimshika shati kwenye ule msukumano wa kuingia. Daraja lilipofunguliwa 2016 tulishangilia, kisha tukaanza kunung'unika tozo, na watu walipiga kelele mpaka 2022 zikashushwa. Zilishuka. Nalisema hilo kwa fahari kabisa, maana huku nimeishi kwenye tozo miaka yote hii na sijaiona ikishuka hata mara moja. Na asiyekuwa na gari Kigamboni alikuwa na pantoni yake ya mia mbili, analalamika kuharibika kwake lakini ipo.

Hapa pia palikuwa na pantoni! Gravesend na Tilbury vinatazamana, mto wenyewe pale hauzidi sana kilomita moja. Nikisimama gatini Gravesend naona kreni za bandari ya Tilbury kama nilivyokuwa naona majengo ya Posta nikiwa Kigamboni. Kivuko kidogo cha abiria kilikuwa kikivusha watu kwa dakika chache tu, wauguzi, wanafunzi, akina mama na baiskeli zao. Halmashauri za pande mbili zilikuwa zinakichangia, fedha zikakatika, na mwisho wa Machi 2024 kikasimama. Sasa ili nifike mahali ninapopaona kwa macho, naendesha zaidi ya maili kumi na tano kuzunguka, na kulipia.

Wenzetu wa ndani ya London nao wamefikiwa. Handaki la Blackwall lilikuwa bure tangu 1897, na tangu Aprili 7, 2025 linalipiwa pamoja na jirani yake jipya la Silvertown, pauni 4 saa za msongamano. Wao angalau wana pantoni ya Woolwich, ambayo ni bure hata kwa gari, wavumilie foleni yake tu. Na sisi wa Gravesend tumeahidiwa handaki kubwa jipya mashariki ya mji, limeidhinishwa Machi 2025, litatokea karibu na Tilbury kabisa. Nalo litakuwa la kulipia.

Mnaoniandikia kuuliza njia ya kuja kubeba boksi, nisikilizeni hapa. Kwanza, kazi hii ya kuhudumia wazee, serikali ya hapa ilifunga njia ya kuleta wahudumu wapya kutoka nje tarehe 22 Julai 2025. Mtu anayekuuzia leo barua ya udhamini ya kazi hiyo ukiwa Dar au Mombasa anakuibia, hata kama ni binamu yako, hata kama anasali na wewe. Pili, kwa walioko huku tayari wanaobadilisha kazi: usiulize mshahara tu. Uliza nani analipa mafuta, muda wa kutoka mzee mmoja hadi mwingine unahesabiwa ni kazi au hapana, na katikati kuna mto? Leseni yako ya Tanzania au Kenya utaiendeshea miezi kumi na miwili tu, baada ya hapo unafanya mtihani wa hapa kama kijana wa miaka kumi na saba, na mtihani nao ni pesa. Fungua ramani kabla hujasaini nyumba.

Nimeandika kwa hasira, najua. Basi niwaambie na hili.

Mzee wangu wa mwisho usiku ni bibi mmoja wa Tilbury, ana miaka tisini na moja. Nampa dawa za usiku, namvalisha, namlaza. Alikuwa akivuka na kile kivuko kila Jumamosi kwenda sokoni Gravesend. Handaki lilipofunguliwa 1963 mumewe alimpeleka kulijaribu wiki ile ile, na anasema alibana pumzi njia nzima akiogopa mto utawamwagikia. Walilipa shilingi mbili na nusu. Aliposema shilingi nikaacha nilichokuwa nafanya. Nikamwambia bibi, sisi kwetu mpaka leo pesa yetu ni shilingi. Akanishika mkono, akacheka mpaka akakohoa, akataka nimwonyeshe. Kesho yake nilimpelekea sarafu ya mia mbili niliyokuwa nayo kwenye droo, na ameiweka kando ya picha ya mumewe.

Ijumaa, siku moja baada ya ile barua, aliniona sina raha. Nikamweleza kwa kifupi, na saa za bure nikamtajia. Hakusema kitu. Jumamosi nilikuta chupa ya jamu mezani ina sarafu za pauni, akaniambia ni za handaki. Nikamweleza haturuhusiwi kupokea hata peni, ningepoteza kazi. Akanielewa, akaniambia niirudishe kabatini.

Zamu yangu kwake inaisha saa tatu na nusu, na kutoka kwake mpaka darajani ni robo saa. Zamani nilikuwa nakwenda kusubiri kwenye gari, au nikichoka sana nalipa tu nikalale. Jana nilipomaliza kumfunika na kuchukua koti langu, akaniambia nirudi jikoni niweke birika la chai, vikombe viwili. Nikamwambia bibi, muda wako umeisha, upumzike. Akanyoosha kidole kwenye saa ya ukutani aliyokuwa amemwomba mwanawe aihamishie pale anapoiona akiwa kitandani.

"Bado dakika kumi na tano," akasema. "Kaa."