Siku moja maishani mwangu: nasaka mafuta ya bahari nikiwa Kisumu

Saa kumi na moja alfajiri niko macho, maana hapa Kondele intaneti huenda mbio kabla majirani hawajaamka. Faili za tangu usiku zimeshaingia. Chai, mandazi mawili, kazi.

Mama mwenye nyumba ananijua kama kijana wa kompyuta. Siku niliyomwambia natafuta mafuta chini ya maji, aligeukia ziwa: "Hapo Dunga?" La, mama, Bahari Hindi. Meli hukokota nyaya ndefu zenye haidrofoni, yaani maikrofoni za majini, bunduki za hewa zikifyatua sauti majini, na mwangwi hurudi kutoka kwenye matabaka ya miamba. Mimi huletewa mwangwi tu. Bahari yenyewe nimeiona mara mbili.

Saa mbili hadi saa sita: kuondoa kelele za mawimbi na za meli.

Saa saba, mteja anapiga simu. Kwenye picha ya mwangwi, ambako kina husomwa kwa sekunde ambazo sauti huchukua, ameona mstari unaong'aa kwenye sekunde 2.4, anataka niandike kwamba ni gesi, maana gesi mwambani huweza kung'aa hivyo. Namwambia sakafu ya bahari pale iko kwenye sekunde 1.2, kwenda na kurudi. Majini sauti hukimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, basi kina ni mita 900 hivi. Sasa zidisha 1.2 mara mbili. Sauti iligonga sakafu, ikapanda, uso wa maji ukairudisha chini, ikagonga tena: mstari huo ni mwangwi wa pili wa sakafu, si gesi. Hata miteremko ya mstari huo ni ile ya sakafu, ila mikali maradufu. "Lakini unang'aa," anasema. Narudia. "Lakini unang'aa sana." Dakika arobaini, omena zangu zinapoa.

Na hata ingekuwa gesi, gesi haba mwambani inaweza kung'aa karibu sawa na gesi tele. Kisima cha Mbawa-1 kwenye pwani yetu, 2012, kilikuta gesi kweli, ila haikutosha kwa biashara. Hilo nalo nilimwambia. Kimya.

Halafu stima ikapotea, hesabu ya kufuta mwangwi huo wa pili ikiwa katikati. Iliporudi nikaanza upya, mgongo ukiniuma, watoto wa ploti wakiwa wamelala zamani.

Mstari umefutika. Chini yake pamebaki mwinuko hafifu ambao jana haukuonekana. Mteja sijamwandikia. Nitautazama tena alfajiri, nikiwa nimelala kidogo.