Jicho la hondohondo wa Dodoma

Hondohondo mwenye mdomo mwekundu anayetua kwenye mgunga ulio mbele ya nyumba yangu hapa Dodoma ana jicho la manjano lililozungukwa na ngozi nyeusi. Kwa miaka mingi nililiona jicho hilo bila kuliandika, kwa sababu kitabu nilichojifunzia ndege kilimweka katika spishi moja na wenzake wa kaskazini na kusini mwa Afrika, Tockus erythrorhynchus, nami niliridhika na jina hilo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu walimtenga wetu wakamwita Tockus ruahae, kwa kufuata Ruaha. Yule wa kaskazini ana jicho jeusi na ngozi ya rangi hafifu kulizunguka. Nilipofungua daftari langu la ndege ili nisahihishe, niligundua kwamba hondohondo wa Dodoma na wale niliowaona safarini Arusha nilikuwa nimewajumlisha pamoja, na kwa kuwa sikuandika rangi ya jicho popote, kumbukumbu kadhaa za njiani hazina tena spishi ninayoweza kuitaja kwa uhakika. Jambo hilo liliniuma sana.

Orodha za ndege hubadilika kwa namna mbalimbali. Kwenzi wa kijivu, ndege wa Tanzania, aliitwa Cosmopsarus unicolor; leo ni Lamprotornis unicolor. Jenasi, yaani jina la kwanza linaloonyesha kundi la spishi zilizo karibu, imebadilika, lakini jina la pili limebaki, na ndiyo maana jina la Shelley, mtaalamu wa ndege, na mwaka 1881 huandikwa ndani ya mabano: ni alama kwamba aliyemwelezea ndege huyo kwanza alimweka katika jenasi nyingine. Alama hiyo ndogo naipenda, kwani imebeba historia nzima.

Zaidi ya hapo, orodha kuu za dunia hazikuwa zikikubaliana juu ya mipaka ya spishi, hadi mwaka 2025 ilipotolewa AviList, orodha ya pamoja yenye spishi 11,131. Kwa Kiswahili bado tuna kazi. Neno hondohondo linawachukua wote, na naona ni haki kabisa kusema "hondohondo wa Ruaha" tunapomkusudia huyu wetu.

Sasa daftari langu lina safu ya mahali, kisha ya jicho na ngozi inayolizunguka. Safu ya jina hujazwa mwisho.