Zafarani

Katika sebule ya Ami, hapa Malindi, imetundikwa fremu yenye nasaba yetu: majina ya wanaume watupu, tangu Hadhramaut, huko Yemen, hadi kwa marehemu babu. Nimeisoma tangu utotoni, na sikuwahi kujiuliza ni nani waliowazaa wanaume hao.

Mwezi uliopita tulikuwa tukitoa nguo za marehemu shangazi kashani, tukakuta chini kabisa karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyochakaa mikunjoni hata mwanga ukapenya. Ilikuwa hati ya kuachwa huru, na aliyeandikwa humo ni Zafarani, Mnyasa, yaani mtu wa pande za Ziwa Nyasa. Huyo ndiye mama yake babu, ambaye sisi tuliambiwa tu kwamba alikuwa mgeni aliyetoka mbali. Nikiyafikiria sasa maneno hayo, naona hayakuwa uongo.

Malindi ilipofufuliwa katika miaka ya 1860 chini ya Sultani wa Zanzibar, mashamba ya mtama na ufuta yaliyoutajirisha mji yalilimwa na watumwa, na utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, waliolipwa fidia ni mabwana, si waliotumikishwa. Hayo nimeyafundisha darasani kwa miaka, kana kwamba yalitokea katika nyumba za watu wengine.

Ami aliisoma hati, akaikunja. "Mwanangu, dada yako ana posa. Ngoja harusi ipite."

Sikuweza kumlaumu. Mtoto wa suria, yaani mjakazi aliyezaa na bwana wake, kisheria alizaliwa huru, akarithi sawa na ndugu zake, lakini sheria haikuwafunga watu midomo, na hadi leo wapo wanaoulizia asili ya mtu kabla ya kuitikia posa. Kimya hicho kilimhifadhi babu. Mimi, hata hivyo, kilinilea vibaya, kwani nakumbuka barazani mtu akiitwa "mtumwa" kwa mzaha, nami nikicheka na wenzangu. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Hawakutaja kwamba gizani ndipo usingizi unapokolea.

Nilikaa na hati hiyo siku tisa. Ya kumi nikampelekea dada yangu kabla ya posa kujibiwa, kwa kuwa harusi ni yake na Zafarani ni wake pia, na nilijua kwamba Ami angekasirika, naye amekasirika kweli. Dada aliisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari. Hakuuliza wakwe watasema nini. Aliuliza kama Zafarani ni jina alilopewa na mamake, au ni la hapa.