Orodha ya Wapiga Kelele

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu la wiki hii ni Danieli sura ya 1, pamoja na mstari wa 4 wa sura ya 6.

Sura ile ya kwanza tumezoea kuihubiri kama habari ya chakula. Isome tena ukiwaza shule ya bweni. Vijana wametolewa makwao, wamepewa majina mapya, wanafundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo kwa miaka mitatu, wanakula posho ya mfalme, na mwisho wa yote kuna usaili mbele ya Nebukadreza mwenyewe. Hata msimamizi yupo, ambaye sisi tungemwita patroni. Humo ndani kijana Danieli anaazimu moyoni mwake kwamba hatajitia unajisi kwa chakula cha mfalme.

Sasa ruka hadi sura ya 6. Wataalamu wengi wanaweka kuchukuliwa kwake mwaka 605 KK, na Babeli ilianguka mwaka 539 KK, kwa hiyo huyu ni mzee mwenye zaidi ya miaka sitini ugenini, mingi kati ya hiyo akiwa mtumishi wa serikali. Mawaziri wenzake wanampekua wapate pa kumshitaki, na hawaoni kitu, kwa maana alikuwa mwaminifu. Usafi ule hakuuanza siku alipopewa cheo. Aliuanza mezani, akiwa mwanafunzi.

Kwa tuliosoma sekondari za kutwa hapa Dar, meza yetu ilikuwa karatasi ya wapiga kelele. Mwalimu hayupo. Monita amekaa mbele na karatasi iliyochanwa katikati ya daftari. Rafiki yake anapiga kelele mpaka darasa la jirani wanasikia, lakini jina halimo. Yule wa dawati la nyuma aliyeomba raba tu, jina limo, tena limewekewa "mara tatu". Ikifika mapumziko, barafu moja ya ukwaju inatosha kufuta jina. Tukikutana ukubwani tunacheka sana, lakini ebu tazama kilichokuwa kinafundishwa pale: mwenye kalamu ndiye anayeamua nani kakosa, na kalamu yake inanunulika. Monita huyo akikua akaingia kwenye kamati ya zabuni, hahitaji kufundishwa rushwa na mtu. Waliokua enzi za TANU wanaikumbuka ile ahadi, "Cheo ni dhamana, sitakitumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Wengi wanaitaja mpaka leo bila kutazama popote. Kuitaja si kazi. Kazi ni kuandika jina la rafiki yako.

Kuna ndugu ninayesali naye, mtunza stoo kwenye ghala moja pale Gerezani, Kariakoo. Vijana wa kupakia wanamlalamikia kwamba ni mgumu. Gari limeshageuzwa, dereva anapiga honi, tajiri anapiga simu, na yeye anaandika kwanza kwenye leja ndipo anaruhusu boksi la kwanza litoke. Nilimuuliza alijifunzia wapi, maana hana cheti cha ugavi. Akasema bwenini, kidato cha tatu, alipokuwa kiranja wa stoo ya chakula: unga ulipimwa, ukaandikwa, mwalimu wa zamu akasaini, ndipo mpishi akapewa. Fizikia ya mwaka ule ameshaisahau yote, anasema, ila mkono unakataa kutoa mzigo ambao haujaandikwa.

Shule zetu nyingi zimeandika maadili ukutani kwa rangi nzuri, halafu barabarani zinatundika bango la divisheni wani tu. Silaumu, ada lazima itafutwe. Ila mtoto anaona kipi kinatundikwa barabarani.

Jambo moja zaidi kuhusu Danieli, maana wenye msimamo huwa tunalipita haraka: hakugoma wala kumtukana patroni. Aliomba kwa adabu, akapendekeza majaribio ya siku kumi, mtama na maji, kisha aangaliwe. Wapo wacha Mungu maofisini ambao hawali rushwa lakini hakuna anayeweza kukaa nao meza moja.

Na wewe uliyefuta majina kwa barafu, au uliyepata kazi yako kwa cheti ulichokipata kwa kudesa? Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, mtu mzima kabisa, Bwana alipoingia nyumbani kwake. Hakuishia kumkaribisha kwa furaha, alitaja mpaka hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliowanyang'anya arudishe mara nne. Mlango huo upo, ila una gharama.

Wazazi, mtihani wa kidato cha nne huwa Novemba. Kipindi hicho hawakosekani wanaonong'ona kwamba wana karatasi iliyovuja, na anayetoa pesa mara nyingi ni mzazi, si mtoto. "Namsaidia tu, maisha magumu." Kabla hujatuma muamala huo, kumbuka mwanao anakutazama.

Jumatano kwenye jumuiya tutawaombea watahiniwa. Wenye watoto wanaofanya mtihani mwaka huu, mje nao. Tunaanza saa kumi na mbili jioni, ili wa Mbagala na Gongo la Mboto wapate usafiri wa kurudi.