Daftari la butura

Niliokoka nikiwa na miaka 34, Jumapili ya mwisho ya semina ya Neno iliyofanyika usharikani kwetu, wilaya ya Muleba mkoani Kagera. Siku hiyohiyo niliacha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na gongo. Nikaachana na mwanamke niliyekuwa nikimtembelea mjini kwa siri. Nikawa wa kwanza kufika kwenye maombi ya alfajiri, nikifunga kila Jumatano, na baada ya miezi miwili nikaingia kwaya. Mtu yeyote aliyenitazama angesema huyu amebadilika, na kweli nilikuwa nimebadilika. Lakini usiku nilipopiga magoti peke yangu nilikuwa kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo taa zinawaka na hakuna anayeitikia.

Hali hiyo ilidumu miezi saba. Nilidhani nahitaji kufunga zaidi. Nilikwenda kuombewa mara tatu. Kila nilipouliza jinsi ya kuishi maisha matakatifu niliambiwa niombe, nisome Neno, nikae karibu na watu wa Mungu. Sikatai hata moja, yote nayafanya mpaka leo. Ila kwangu mimi jambo lilikuwa kwingine, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, na nilikuwa nalalia juu yake kila siku.

Ndani ya sanduku lile kulikuwa na daftari la butura.

Kwa wasiotoka kwetu: butura ni kununua kahawa ikingali mtini, ikiwa maua au punje changa za kijani. Serikali imeipiga marufuku miaka mingi, nayo inaendelea, kwa sababu haifanyiki sokoni, inafanyika sebuleni kwa mtu mwenye shida. Januari shule zikifunguliwa, au mtoto akilazwa, au msiba ukiingia nyumbani, mkulima hana kitu mkononi ila mibuni yake. Mimi nilikuwa najua nani ana shida gani. Nilikwenda na bahasha. Kilo ambayo msimuni ingeuzwa shilingi 1,200 nililipia 500, wakati mwingine 400, na mtu alinishukuru kwa mikono miwili. Mavuno yakifika, nilikuja na mizani yangu ya kuning'iniza, ambayo nilikuwa nimeilegeza ili ikiwa tupu mshale usimame kilo mbili chini ya sifuri. Kwa hiyo aliyeuza kwa hasara Januari aliibiwa tena Julai, kilo mbili kila gunia. Nilifanya hivyo kwa miaka sita.

Wakati nafanya hayo nilikuwa Mkristo wa kanisani. Nilibatizwa mtoto, nikapata kipaimara nikiwa na miaka 15, na kwenye darasa la kipaimara tulikariri Katekisimo Ndogo ya Luther, ile ya mwaka 1529. Amri ya saba, usiibe. Maelezo yake niliyasema mbele ya mchungaji bila kukosea neno: tusichukue fedha wala mali ya jirani, wala tusijipatie kwa bidhaa mbaya au kwa hila, bali tumsaidie kuilinda mali yake na riziki yake. Nilipongezwa. Miaka kumi baadaye nilikuwa naishi kwa hila ileile niliyoikariri.

Alhamisi moja kwenye ushirika, mkutano wetu wa maombi na Neno, tulisoma Walawi 19. Inaanza kwa maneno yanayojulikana, "Mtakuwa watakatifu, kwa kuwa mimi Bwana, Mungu wenu, ni mtakatifu," nami nikajiweka sawa nikitegemea habari za madhabahu na uvumba. Kumbe sura ile inatoka hekaluni inashuka shambani. Usivune pembe za shamba hadi mwisho, mwachie maskini. Ujira wa kibarua usilale kwako usiku hata asubuhi. Usimwekee kipofu kwazo mbele yake. Halafu mstari wa 36: mizani za haki, mawe ya haki. Dada aliyekuwa akisoma aliendelea mbele, mimi nikabaki hapo. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa naona mshale wangu umesimama pale chini ya sifuri.

Niliporudi nyumbani nilimkumbuka bibi yangu, mzaa baba. Yeye alikuwa mtu wa uamsho, ule uliowaka Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930, ukashika Uganda, ukaingia kwetu Bukoba. Ni uamsho huohuo uliomgusa Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu wetu na mwaka 1977 akawa Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Bibi hakusimulia habari za maaskofu. Alisimulia habari za majembe. Alisema zamani zile ukimwona mtu anatembea na jembe begani siku isiyo ya kulima ulijua ameokoka, anarudisha alichoiba. Utotoni niliona ni hadithi ya kuchekesha. Usiku ule nililia.

Mke wangu nilimwambia baada ya siku tatu. Nilimfungulia daftari, nikamwonyesha majina, watu 43. Alilitazama kwa muda mrefu, akasema, "Baba watoto, na hii nyumba?" Bati la nyumba lilitoka kwenye daftari lile, na ada za watoto wetu pia. Sikuwa na la kumjibu. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu, akinipakulia ndizi, akasema kama ni kurudisha turudishe wote wawili, kwa sababu na yeye alikula. Neno hilo lilinipa nguvu kuliko semina zote nilizohudhuria.

Hesabu ndiyo iliyonisumbua. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka, alisema atarudisha mara nne. Mara nne ya daftari lile isingepatikana hata ningeuza nyumba, ng'ombe na kibanja, shamba letu la nyumbani. Mchungaji wangu alinisomea Walawi 6, pale mtu aliyedhulumu anapoambiwa arudishe kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano, akaniambia pia kwamba Zakayo hakuamriwa na mtu, yule alikuwa na furaha. Kisha akaongeza jambo ambalo nalishikilia hadi leo: silipi ili nisamehewe, nimekwisha kusamehewa msalabani, nalipa kwa sababu vitu si vyangu. Basi nikachukua tofauti ya bei kwa kila kilo niliyonunua kwa butura, nikajumlisha kilo nilizoiba kwenye mizani, nikaongeza sehemu ya tano. Ilifika shilingi 4,860,000. Niliuza pikipiki na ng'ombe mmoja. Zilizobaki zilinichukua misimu mitatu.

Nilianza na mtu mwepesi, nakiri hilo. Nilimchagua mzee mcheshi wa jirani, nikijua hatanitukana. Alihesabu noti, akanitazama. "Ta, na wewe umekuwa mulokole?" Ndivyo tunavyowaita waliookoka. Akacheka, akaniletea kahawa ya kutafuna, tukakaa. Nilitoka pale naona njia yote itakuwa hivyo.

Nyumba ya tano alikaa mjane. Nilimpelekea shilingi 118,000 na maneno niliyoyaandaa njiani. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Mwaka ule mwanangu alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada, kwa sababu ulichonipa hakikutosha na kahawa ilikuwa imeshakuwa yako. Hakurudi tena shule. Huo mwaka wake umeuleta kwenye bahasha ipi?"

Nilibaki nimesimama. Nilimwambia, "Ma, sina." Alipokea fedha, akaingia ndani, akafunga mlango. Mpaka leo tukikutana ananiitikia salamu na hakuna zaidi ya hapo. Kwa muda fulani nilimwona mgumu wa moyo, nikawa namwombea Mungu ambadilishe. Nimeacha kuomba hivyo. Hanidai tabasamu. Nilikuwa nimekwenda kwake nikitaka nipewe kitu, niondoke mwepesi, na yule mama alikuwa mkweli kuliko mimi.

Lililokuwa zito kuliko yote ni kibanja. Mzee mmoja alichukua butura kwangu mwaka ambao mibuni yake ilipigwa na mnyauko, ule ugonjwa unaokausha mti wote na hauna dawa ila kung'oa na kuchoma. Kahawa haikupatikana. Tukaandikishana mbele ya mashahidi, nikachukua nusu ya kibanja chake. Kila Mhaya anajua maana yake. Kibanja si shamba tu, ndani yake mmelala waliokutangulia. Kaburi la baba yake lilikuwa upande wangu. Mzee yule alifariki kabla sijaokoka, akazikwa kwenye kipande kilichobaki, mbali na baba yake.

Nilimpigia simu mwanawe mkubwa, anakaa Mwanza. Alikata. Nikapiga tena, akasema kama natafuta mtu wa kumtapeli niende kwingine. Ilibidi mchungaji azungumze naye. Alikuja Desemba pamoja na baba yake mdogo, tukamwita mwenyekiti wa kitongoji, nikaikabidhi ile karatasi na kuandika nyingine kwamba kibanja kimerudi chote, na migomba niliyoipanda humo ni yao. Kijana hakusema asante na sikuwa nangoja. Alivua viatu, akaenda kaburini kwa babu yake, akaanza kung'oa majani kwa mikono. Baba yake mdogo akamfuata. Nikaona pale si mahali pangu tena, nikaondoka.

Wanne kati ya wale 43 sikuwapata, wala ndugu zao. Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, kinasema asipopatikana jamaa wa kurudishiwa, malipo yawe ya Bwana. Fedha zao nilizitoa kwa mfuko wa diakonia wa usharika, yaani wa kusaidia wahitaji, zikawalipia wajane bati na mbegu.

Sasa niseme na hili, kwa sababu ushuhuda unaoruka sehemu kama hii haujanisaidia kamwe. Mizani ile ya zamani sikuitupa. Nilinunua mpya, yenye chapa ya Wakala wa Vipimo, lakini ile nyingine niliiweka stoo nikijiambia ni ya akiba. Msimu wa pili wa kulipa madeni bei ilishuka, na ada ya mtoto wangu ilikuwa imefika. Asubuhi moja niliitoa ile ya stoo. Nilipimia magunia sita. Nilijiambia nachukua kwa mkono huu ili nirudishe kwa ule, na siku ile neno hilo lilikuwa na akili kabisa kichwani mwangu. Usiku sikulala. Alhamisi nilisimama kwenye ushirika, nikasema: ndugu, juzi nimeiba kilo kumi na mbili. Kulikuwa kimya. Kisha mzee mmoja, fundi seremala, akasimama na kusema naye kuna mbao za mtu anazo. Mwingine akafuata. Watu wa bibi yangu walikuita huku kutembea nuruni, kwa lile neno la 1 Yohana 1:7, na mimi nilikuwa naliimba tu. Kesho yake nilizirudisha zile kilo na sehemu ya tano, kisha nikaivunja mizani kwa nyundo.

Kahawa siku hizi inapita vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, nami nimehamia maharage. Kwenye mizani yangu kuna jiwe la kilo kumi. Kabla sijapima cha mtu, yeye mwenyewe analining'iniza kwanza, aone mshale unafika kumi. Sijiamini, ndiyo maana lipo. Maombi ya alfajiri bado nayahudhuria, na ule ukavu wa miezi saba haujarudi. Siku nyingine naomba vibaya, kwa usingizi na mawazo mengi, lakini sibishi hodi tena.

Kilichobaki kigumu ni Januari. Mwaka huu, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, mama mmoja alikuja usiku na kitambaa kichwani kimeshushwa hadi machoni, kama wanavyokuja wote. Alisema ana mibuni mizuri safari hii, nikaione. Anataka shilingi 150,000. Nilimwambia sinunui tena kahawa mtini. Akasema, "Najua, ila nisipopata kwako nitakwenda kwa yule mwingine." Yule mwingine namfahamu, niliyemfundisha kazi ni mimi.

Ndani kulikuwa na shilingi 90,000 za mbegu ya maharage. Nilimwita mke wangu, tukatazamana, akaenda kuzitoa. Nikampa yule mama, nikamwambia atarudisha hizohizo akishauza kahawa yake yote, kwa bei ya msimu, mahali anapotaka. Alikaa akazishika, akaniuliza ni magunia mangapi niandike. Nikamwambia hakuna daftari. Hakuniamini. Alikaa pale muda mrefu akingoja nitoe kalamu.